Wamesema Osaka

Wako wanawake hapa Kanyenye, mjini Tabora, wanaosema kwamba Somo alirukwa na akili. Wanasema uongo, na wanajua kuwa ni uongo, kwa sababu wengine wao nilitembea nao asubuhi ile ya Idi. Miaka mingi nimewasikiliza wakimsingizia wazimu mtu aliyekuwa na akili kuliko mtaa mzima, nami nikanyamaza, nikaendelea kuchambua mchele. Sasa nimechoka.

Nitamwita Somo, kama tulivyomwita sote. Jina alilopewa na wazazi wake analo, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa ndiye anayewafunda wasichana kabla hawajaolewa: namna ya kukaa na mume, kukaa na wakwe, kukaa na mwili wako mwenyewe. Miaka ile kabla ya vita vya pili, Mwingereza akiwa ndiye serikali, hakuna harusi ya Waislamu wa mtaa wetu iliyofungwa bila Somo kufungiwa chumbani pamoja na bibi harusi siku saba. Alinifunda mimi. Alimfunda na Tausi, ambaye habari zake zinakuja.

Hakuwa mpole. Ukikaa vibaya alikufinya juu kidogo ya kiwiko, pale pasipo na nyama, na wala hakukatisha maneno yake ili akufinye. Alikula amesimama, sahani mkononi, akizunguka uani kama mtu anayesubiri treni ya Mwanza. Alipenda michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kuliko wali. Akialikwa kwenye pilau ya watu wakubwa alikwenda na michembe yake imefungwa kwenye ncha ya kanga, akaila mbele ya wenye karamu bila haya. Kuimba hakujua kabisa, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yake lilikuwa aibu. Nyimbo za harusi alizitunga yeye, wakaimba wengine, na yeye akasimama nyuma yao akimkemea kila anayekosea neno.

Kwa sababu maneno ndiyo yalikuwa yake. Siku moja sokoni alimkuta mtu anauza asali iliyochanganywa na maji ya sukari. Alimtukana mpaka yule mtu, miraba minne, mwenye mikono kama mihimili, akainua debe mwenyewe akalimwaga chini. Somo aliposikia adhana akafunga kinywa, akajifunika, akaenda kusali kana kwamba hakuna kilichotokea.

Na lipo jambo ambalo lilitushinda kulielewa. Somo alikuwa ameachika mara tatu. Nikisema kweli, aliwaacha wanaume watatu, maana kila mara yeye ndiye aliyekwenda kwa kadhi kudai talaka yake. Mume wa pili alimpiga kofi moja asubuhi, na kabla ya adhuhuri Somo alikuwa amekwisha hamisha vyombo. Mwanamke huyo huyo ndiye aliyekaa mbele yetu kwenye mkeka na kutuambia: vumilia. Akiudhika, vumilia. Akinyanyua mkono, vumilia, usitoke na siri ya nyumba.

Nilimwuliza siku ya nne ya kufundwa kwangu. Nilikuwa bado na ujasiri wa kuuliza.

"Somo, mbona wewe hukuvumilia?"

Alinifinya. "Mimi nina nyumba niliyoachiwa na mama yangu, na nina kazi mkononi. Wewe una nini?"

Sikuwa na kitu.

"Basi vumilia," akasema.

Nilikasirika siku ile na hasira hiyo haijaisha. Kinachonichoma ni kwamba hakunidanganya.

Ile kazi mkononi aliyoitaja ilikuwa kuandika majina ya kanga. Siku hizi mwanamke ananunua kanga dukani, anasoma maneno yaliyochapwa juu ya pindo, hajiulizi yalitungwa na nani. Ya kwetu, mengi yalitungwa na Somo. Palikuwa na Mhindi mwenye duka la nguo, mtu mwembamba mwenye kukohoa, aliyezaliwa hapa hapa Tabora na kusema Kiswahili chetu bila kasoro. Mimi nitamwita Bwana wa duka. Ndugu yake mkubwa alihamia Japani, katika bandari inayoitwa Kobe, na huko aliwaagizia wafanyabiashara wa kwetu nguo za viwandani. Somo alitunga jina, akaliandika kwenye karatasi kwa herufi za Kiarabu alizojifunza utotoni katika chuo cha Kurani. Karatasi ikapanda treni mpaka Dar es Salaam, ikapanda meli mpaka Kobe. Ndugu yake Bwana wa duka akayageuza maneno kuwa herufi za Kizungu, akayapeleka kiwandani. Baada ya miezi mingi marobota yalirudi kwa njia ile ile, na maneno ya mwanamke wa Kanyenye yakawa migongoni mwa wanawake mpaka Ujiji.

Yalirudi na makosa. Hilo ndilo lililomfanya Somo aichukie Japani kabla hata serikali haijatuambia tuichukie. Watu wa kiwandani hawakujua Kiswahili, waliyachora maneno kama mtu anavyochora maua. Mara moja aliandika "Karibu kwetu", ikaja "Kaburi kwetu", robota zima. Nilikuwa dukani nikinunua uzi alipoingia ameishika ile kanga kwa ncha za vidole.

"Nani atavaa kaburi?" alimwuliza Bwana wa duka. "Wewe utamvika mkeo?"

"Somo, wale ni watu wa mbali, hawajui."

"Kama hawajui wakae na nguo zao nyeupe!"

Hakuna aliyenunua ila mjane mmoja kizee, aliyechukua doti mbili na kusema zinamfaa kabisa.

Baada ya hapo Somo, mtu mzima mwenye mvi, alikwenda kwa mke wa mwalimu wa Kimoravian, jirani yetu, akajifunza herufi za Kizungu ili awakamate wenye kumharibia maneno. Alijifunza kwa hasira. Nadhani hakuna mwanafunzi aliyewahi kujifunza kusoma haraka hivyo.

Bwana wa duka, kwa kutaka kumtuliza, alimwonyesha siku moja picha alizotumiwa na ndugu yake. Nami nilikuwepo. Alizipanga juu ya meza ya kukatia nguo. Moja ilikuwa ya bandari, milingoti na winchi. Nyingine ilikuwa ya dohani za viwanda, nyingi kuliko nilivyoweza kuzihesabu, moshi umelala juu yake kama dari.

"Hii ni Osaka," alisema, "na hii ni Kobe. Zamani zilikuwa bandari mbili, kila moja na watu wake. Sasa viwanda vimejaa katikati. Ndugu yangu anasema unapanda treni Kobe, unashuka Osaka, na njia nzima hukuona mahali ambapo mji mmoja umekwisha na mwingine umeanza. Osaka inafuma, Kobe inapakia. Wenyewe eneo hilo lote wamelipa jina moja, Hanshin."

"Hanshini," Somo alisema, akilionja. "Na pamba wanatoa wapi?"

"Kila mahali. India, Amerika. Nyingine hutoka hapa kwetu. Nzega, Shinyanga."

Somo aliigonga picha ya dohani kwa kidole. "Kwa hiyo pamba ya Lusu, huko Nzega, inayomvunja mgongo dada yangu, inakwenda huko kutiwa makosa yangu na kurudishwa."

Bwana wa duka alicheka akakohoa. Somo hakucheka. Alikuwa amechukua picha ya tatu, ameisogeza mlangoni penye mwanga. Ilikuwa ya wasichana wamesimama mbele ya mashine za kusokotea nyuzi, safu ndefu, wote wamefungwa vitambaa vyeupe kichwani. Wadogo. Wengine nyuso zao zilikuwa bado za kitoto.

"Hawa ni nani?"

"Ndio wafanyakazi. Wanatolewa vijijini. Wanalala katika nyumba za kiwanda."

"Wanatoka wakitaka?"

"Lango linafungwa, nasikia. Mpaka mkataba uishe."

"Na wakiudhiwa?"

Bwana wa duka aliinua mabega. Somo aliitazama ile picha muda mrefu, halafu akasema kwa hasira, kama vile mimi ndiye niliyewaweka pale: "Basi na wao kuna mtu amewafunda wavumilie."

Sasa Tausi.

Tausi alikuwa mwari mwenzangu, amenifuata kwa mwaka mmoja. Alikuwa na kicheko cha kukwama, kama mtu anayemeza, na alicheka kwa kila kitu, hata akifinywa. Somo alimpenda. Hakukiri, lakini kwake alifinya taratibu. Alipoposwa na karani wa pamba, mtu wa kalamu na kofia ya jua, mwenye nyumba ya bati na baraza pana, mtaa wote ulisema Tausi amepata. Somo alifurahi mpaka akakaa akatunga jina la kanga kwa ajili yake, la kuvaliwa na maharusi wote watakaofuata: "Umenioa mbele ya watu." Maneno ya mwanamke anayejivunia. Karatasi ikaenda Kobe. Kanga haikuwahi harusi, tulijua haitawahi.

Kabla mwaka haujaisha Tausi alikuja kwa Somo mara mbili. Mara ya pili nilikuwepo, nasaidia kutwanga. Mdomo wake ulikuwa umevimba na hakucheka. Walizungumza chumbani. Nilisikia sauti ya Tausi, maneno sikuyasikia. Kisha Somo akatoka amejifunga kanga, amechukua mwavuli wake kwa ajili ya jua, akamshika Tausi mkono. Akamrudisha kwa mumewe. Alimpeleka mwenyewe, kwa mkono wake, mpaka barazani. Wanaomsifu Somo leo kwa siri hulificha hili. Mimi silifichi, na yeye hakulificha.

Mara ya tatu Tausi hakuja. Tuliitwa sisi. Karani alisema mkewe aliteleza kisimani na debe la maji kichwani. Alilia sana, na wanaume walimshika mabega.

Somo alimwosha na mimi nilishika birika. Anayeosha maiti hasemi alichokiona. Hiyo ni haki ya maiti, na sitaivunja hata leo kwa kutaja kimoja kimoja. Nitasema tu kwamba mkono wa Somo ulikuwa ukipita ubavuni, ukasimama. Ukakaa pale pale. Nilingoja.

"Mimina," aliniambia, bila kunitazama.

Nikamimina.

Hakusema neno juu ya jambo lile, si matangani, si baadaye. Alisali, alikula amesimama, alifunda msichana mwingine. Ila niliambiwa kwamba katika siku saba zile hakumfinya yule msichana hata mara moja, na kwamba ilipofika siku ya kusema vumilia, aliagiza maji ya kunywa akatoka nje, akakaa uani mpaka jua likapungua.

Marobota ya Kobe yalifika arobaini ya Tausi ikiwa imekwisha pita. Somo alikwenda dukani kukagua kama kawaida yake. Bwana wa duka alinisimulia mwenyewe. Alikata kamba, akafunua kanga ya kwanza, nyekundu, mji wake wa katikati mweupe. Somo akainama, akasoma kwa kidole, herufi moja moja.

UMENIUA MBELE YA WATU.

Ndugu wa Kobe hakuwa na kosa kubwa. Kwa herufi za Kiarabu, namna Somo alivyoandika, kuoa na kuua ni alama zile zile, na msomaji ndiye anayejua lipi limekusudiwa. Yeye alikuwa mbali. Akachagua.

Bwana wa duka alijikunja akisubiri matusi. Hayakuja.

"Kuna kosa, Somo?" alimwuliza. "Nimwandikie ndugu yangu?"

"Usimwandikie kitu," alisema. "Nipe hii."

Alijifunga pale pale dukani. Akapita nayo sokoni, akapita nayo kisimani, pole pole, kwa mwendo ambao haukuwa wake. Pale kisimani mke wa mwalimu wa Kimoravian alilisoma jina kwa sauti, kisha akaweka mkono mdomoni. Tulikuwa wanawake kumi na zaidi. Hakuna aliyeuliza ni nani amemuua nani. Tulijua. Kila mmoja wetu alikuwa amesikia kelele za nyumba ile, alikuwa ameona mdomo uliovimba, alikuwa ameamkiana na karani asubuhi yake. Mbele ya watu. Watu ndio sisi.

Kesho yake duka lilijaa. Siku ya Idi wanawake walitoka kwenye swala wamevaa kanga ile moja, na bila mtu kupanga tukashika njia ya nyumba ya karani. Hatukuimba, hatukusimama, tulipita tu. Yeye alikuwa barazani na wageni wake, vikombe vya kahawa mkononi. Kusoma ndiyo ilikuwa kazi yake. Nilimwona akisoma mgongo wa kwanza, na wa pili, na wa tano. Kikombe alikiweka chini. Sijawahi kujisikia mrefu kama nilivyojisikia hatua zile thelathini au arobaini mbele ya baraza ile.

Mchana ule ule waume zetu waliambiwa. Wangu alikuwa fundi wa baiskeli. Aliingia na mafuta mikononi, akasimama mlangoni.

"Vua."

Alisema mara moja. Nilijua inavyokuwa akisema mara ya pili, kwa hiyo nikavua. Mtaa mzima ulivua. Ilipofika magharibi ilikuwa kama kanga ile haijawahi kufika Tabora, isipokuwa mmoja tu aliyeendelea kuivaa.

Siku tatu baadaye wazee wa mtaa walimwita Somo katika sebule ya mmoja wao. Karani alikuwepo. Sisi wanawake tuliketi nyuma ya pazia. Mzee aliyeongoza hakuwa mtu mbaya, na labda hilo ndilo baya zaidi.

"Somo, dada yetu," alianza. "Hatutaki ugomvi. Tunataka neno moja. Sema kwamba Wajapani wamekosea, jambo liishe."

"Niliandika kwa mkono wangu," Somo alijibu. "Karatasi ilirudishwa pamoja na mzigo. Iko dukani. Ileteni."

Ikaletwa. Akapewa mwalimu wa chuo aisome. "Umenioa," akaanza, kisha akasita. "Au umeniua. Alama ni zile zile, wazee wangu. Siwezi kuapa."

"Anajua alilokusudia!" karani alipaza sauti. "Ilikuwa ya harusi! Harusi yangu mimi!"

"Ilikuwa ya harusi yako," Somo alisema. "Ni kweli kabisa."

"Basi sema wamekosea!"

"Mimi sijasema kitu juu yako. Nimeosha maiti, nikafunga kinywa changu kama ilivyo haki. Muulize yeyote kama amesikia neno kwangu. Mimi sijasema. Wamesema Osaka."

"Osaka wanamjua nani huku?"

"Hawamjui mtu," Somo alisema. "Ndiyo maana wameweza kusema."

Mzee alikohoa, akageukia upande wetu. Akauliza: kati ya wanawake waliovaa nguo ile siku ya Idi, yuko aliyeivaa kwa kumkusudia bwana huyu? Aseme, asikilizwe.

Hakutishia. Aliuliza kwa adabu na akangoja. Tulikuwa zaidi ya ishirini. Mimi nilikuwa nimeshika birika, mimi niliona mkono ukisimama. Nilitazama mkeka. Nilihesabu mistari ya ukili wake, nikafika ishirini na tatu, na mzee akasema, "Basi."

Hawakumfunga, hawakumtoza. Walisema tu kwamba mtu mwenye nia ya namna ile hafai kuingia chumbani na mabinti wa watu. Haikupita wiki harusi mbili zikampita, na somo mwingine akaitwa. Bwana wa duka aliyauza marobota yaliyobaki ng'ambo ya Kigoma, kwa watu wa Kongo. Somo alikodisha nyumba ya mama yake, akaenda Lusu, upande wa Nzega, kwa dada yake mkulima wa pamba. Hakuna aliyemsindikiza. Nilimwona kwa mbali akipanda lori na mwavuli wake. Na karani alioa tena kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Harusi ilijaa. Mimi nilipika.

Halafu vita. Mjapani akawa adui, meli zikakatika, na wanawake wa Tabora wakavaa mapazia na magunia ya unga. Vijana wetu walipelekwa Burma kupigana naye. Karibu na mwisho wa vita habari zilikuja kwamba miji yake inachomwa kwa mabomu, na watu stesheni walishangilia. Nilishangilia na mimi. Nilirudi nikipita dukani, nikamkuta Bwana wa duka amekaa nje mlango umefungwa. Ndugu yake alikuwa amekimbilia Bombay mapema.

"Osaka imeungua," aliniambia. "Kobe imeungua. Na katikati yake, yote."

Nikamwambia, na ninayakumbuka maneno yangu, kwamba afadhali. Alinitazama bila kukohoa. Nikaenda zangu.

Somo nilimwona mara moja tu tena. Vita vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa, na binti yangu Mariamu alikuwa ameposwa na dereva mmoja wa mjini. Masomo wengine wa kufunda walikuwepo, wa kuchagua. Nilimwambia mume wangu nakwenda Nzega kumwona mgonjwa, nikamchukua Mariamu, tukapanda lori la pamba, tukamalizia kwa miguu mpaka Lusu.

Tulimkuta ameketi chini kivulini mwa ghala, anachambua pamba. Amekonda, macho yameingia. Wanawake wawili vijana walikuwa wakipalilia upande wa pili wa ua, nami nikadhani ni watoto wa dada yake. Nilimwamkia. Aliitikia. Hakuniambia karibu, wala hakunifukuza, akaendelea kuchambua.

"Ile miji," alisema baadaye. "Nasikia iliungua."

"Iliungua, Somo. Bwana wa duka alisema mitaa kwa mitaa."

"Na wasichana wa mashine?"

"Hakusema."

"Hukumwuliza."

"Sikumwuliza."

Alitupa mbegu chini. Nikaharakisha kumwambia lililo jema: kwamba wamejenga tena, kwamba viwanda vinatoa moshi kama zamani, na marobota yameanza kuja, kanga za rangi nzuri kuliko zile.

"Kwa hiyo wao waliunguliwa na nchi nzima, wakaanza tena," alisema. "Na nyinyi ambao hamkuunguliwa na kitu? Mabinti mnawafunda nini sasa hivi hapo Kanyenye?"

Niliinama nikaokota mbegu aliyoitupa.

"Nakuuliza."

"Yale yale, Somo."

"Yale yangu."

"Ndiyo."

Alisimama. Ilimchukua muda, na aliukataa mkono wangu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Mlinifukuza mimi," alisema, "mkayabakiza maneno yangu! Yale ya kumwua mtoto wa watu ndiyo mliyoyaona mazuri, hayo mkayatunza! Nilimrudisha Tausi kwa mkono wangu huu. Kila siku nauosha, nala nao. Na wewe unaniletea wa kwako nimwambie nini?"

Nililia. Hakujali. Alimwita Mariamu, akamketisha mbele yake, magoti kwa magoti.

"Sitakufunda siku saba," alimwambia. "Mengine mama yako anayajua. Mimi nitakufunda njia tu. Ukitoka mlangoni kwako, unakwenda wapi?"

Mariamu alinitazama. "Sijui, Somo."

"Penye malori, nyuma ya stesheni. Usipite sokoni, watakuuliza. Kama si msimu wa pamba, kuna gari la barua. Usingoje nguo wala vyombo, vyombo vipo huku. Unashuka wapi?"

"Nzega."

"Nzega unamtafuta mama mwuza uji, karibu na kisima. Unamwamkia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, unamwambia unakwenda kwa Somo. Atakupa mtu wa kukufikisha."

"Akiniuliza sababu?"

"Hatakuuliza."

"Kwa nini?"

Somo alielekeza kidevu kule walikokuwa wale wanawake wawili wenye majembe. Mmoja wao aliinua uso. Alikuwa na kovu jipya kutoka sikioni mpaka shavuni.

"Kwa sababu wewe hutakuwa wa kwanza," alisema. "Sema yote tangu mwanzo."

Mariamu akasema. Alipokosea, alirudishwa. Penye malori, nyuma ya stesheni, si sokoni. Gari la barua. Nzega. Mara ya tatu alisema bila kukwama, na Somo akataka tena, na tena. Jua lilikuwa limetugeukia na hakuna aliyesogea. Ilipofika kwa mama mwuza uji nikatambua kwamba midomo yangu ilikuwa ikisema pamoja na ya mwanangu, na kwamba Somo alikuwa ameacha kumtazama Mariamu. Alikuwa ananitazama mimi.

"Tena," alisema.